Nyumba na Shamba: Banda Kuukuu la Kuku

Mtu akihama kijiji au akiacha kufuga, banda lake la kuku huuzwa. Mbao bado zina nguvu, bati halijatoboka sana, na bei ni ndogo kuliko ya kujenga jipya. Kulinunua si vibaya. Lakini wazee walisema, rahisi ghali. Pamoja na mbao waweza kununua ugonjwa, ukawamaliza kuku wote wa nyumbani.

Basi kabla ya kutoa fedha, mwulize mwenye banda: kuku wako wamekwenda wapi? Kama aliwauza, vema. Kama walikufa wengi kwa siku chache, wakiharisha kijani na kupinda shingo, yaelekea ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Vijidudu vyake huweza kubaki katika mavi na manyoya kwa majuma kadhaa. Halafu chukua kisu, uchokoe nyufa za mbao na chini ya fito wanazolalia kuku. Ukiona kama vumbi la kijivu linalotembea, huo ni utitiri. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya damu, na huweza kukaa miezi mingi bila chakula. Kwa hiyo usidhani ya kuwa banda lililokaa tupu limekwisha kuwa safi.

Ukilinunua, liweke juani, mbali na kuku ulio nao. Kazi yenyewe ina utaratibu wake.

Kwanza, toa fito, viota na matandiko yote ya zamani. Majani na makapi yachome moto. Nyunyizia mavi maji kidogo ndipo uparue, vumbi lisipande, nawe ufunge kitambaa puani na mdomoni. Mavi hayo yafukie shimoni.

Pili, sugua kila mahali kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Mimina maji yanayochemka katika nyufa. Watu wengi huruka hatua hii, wakakimbilia dawa. Dawa ikimwagwa juu ya mavi hupoteza nguvu, na fedha yako imepotea.

Tatu, liache likauke kabisa, kisha paka dawa ya kuua vijidudu kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Usichanganye dawa mbili. Kwa utitiri, mwulize bwana mifugo dawa iliyo salama kwa kuku. Tena jua lisidharauliwe: vimelea vya kuhara damu havifi kwa dawa nyingi, lakini ukavu na joto huviangamiza.

Nne, tengeneza palipoharibika. Mbao zilizooza zitupwe, matundu ya panya yazibwe, na dirisha litiwe wavu imara, nguchiro na kicheche wasipenye. Hewa ipite juu ya vichwa vya kuku, isiwapige mwilini. Ndani paka chokaa, ukiisukuma vizuri katika nyufa. Lakini jihadhari na macho, maana chokaa huunguza. Fito ziwe mpya, zisizo na maganda, kwa kuwa chini ya maganda ndipo utitiri unapojificha.

Kuhusu nafasi, kuku 10 watoshewe na banda la meta 2 kwa meta 1 na nusu. Kila kuku apate sentimeta 20 za fito, na kuku 5 wapate kiota kimoja cha sentimeta 30 kila upande. Chini tandika pumba za mpunga au maranda makavu.

Baada ya hayo yote, banda likae tupu majuma mawili au zaidi. Hapo ndipo subira inapokwisha kwa wengi. Mvua inatisha, kuku wanalala jikoni, na banda jipya linapendeza machoni. Vumilieni. Majuma hayo yatumieni kuwachanja kuku mdondo. Chanjo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Wapewe kuku wazima tu, kwa maana chanjo si dawa ya kumponya aliyekwisha kuugua.

Neno moja kwa akina baba. Katika nyumba nyingi kuku ni wa mama. Mayai hununua chumvi na sabuni, jogoo huuzwa mtoto anapohitaji daftari, na homa ikiingia usiku, nauli ya kwenda hospitali hutoka bandani. Mwanamume akileta banda kwa baiskeli, akalitua uani na kwenda zake, akiwaachia mama na watoto kuparua, hajaleta zawadi bado. Ashike brashi naye. Kazi ya siku moja kwa watu wanne ni nyepesi, na watoto watajifunza kwa kuona kuliko kwa kuambiwa.