PIN yako umeificha, lakini ile ya programu ya duka je?

Umeambiwa mara ngapi usimpe mtu PIN yako? Mtu akikupigia simu akijifanya ni wa huduma kwa wateja, akiitisha PIN, unakata. Hapo tuko sawa. Lakini wengi wenu mnaopokea malipo kwa till mmeandikiwa programu ya duka na kijana fulani wa kompyuta, na ndani yake kuna nenosiri ambalo hujawahi kuliona, wala hujui ni nani mwingine analo.

Wacha nieleze. Programu ya mauzo iliyoandikwa kwa Java kwa kawaida haiweki rekodi ndani yake. Nani amelipa, namba yake ya simu na kiasi, yote hukaa kwenye hifadhidata, tuseme MySQL. Programu ikitaka kuingia huko hubisha hodi na vitu vitatu: anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri. Hifadhidata yenyewe haijui kama anayebisha ni programu yako au ni mwizi aliyeketi saiba. Jina na nenosiri zikilingana, mlango unafunguka.

Sasa, mafundi wengi huandika nenosiri hilo ndani ya programu yenyewe. Watu hudhani programu ikishatengenezwa haisomeki tena. Wapi! Faili ya jar ni zipu tu. Ukiifungua, maneno yaliyoandikwa ndani huonekana bila kazi kubwa. Kila kompyuta yenye programu hiyo ina nakala ya ufunguo, na ukiuza ile ya zamani bila kuifuta, umeuza na ufunguo.

Linalonikera zaidi ni hili: programu huingia kwa jina la "root", yule mtumiaji mkuu anayeruhusiwa kila kitu, hata kufuta mauzo ya mwaka mzima. Kwa nini? Kwa sababu ni rahisi kwa fundi, hakuna kitu kitamkatalia njiani. Ni kama kumpa mhudumu wa kaunta PIN yako wewe mwenye till, badala ya kumfungulia yake. Programu ya kuuza inahitaji kusoma bei na kuandika malipo, basi. Ipewe jina lake lenye ruhusa hizo tu. Anayetoa ripoti apewe jina lingine, la kusoma peke yake.

Eti duka dogo halihitaji mambo hayo? Mimi nakataa. Duka dogo likipoteza daftari la madeni, pengine halifungui tena. Na zile namba za wateja si mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeziweka azilinde.

Kwa hivyo mpigie fundi wako leo. Muulize nenosiri la hifadhidata liko wapi. Linafaa kuwa nje ya programu, mahali kwenye seva ambapo si kila mtu anafika. Muulize programu inaingia kwa jina gani. Na kama fundi wa kwanza alishaondoka, muulize lilibadilishwa lini. Akishangaa umesomea wapi haya yote, mwache ashangae, ila akujibu kwanza. Na asikutumie nenosiri lenyewe kwa WhatsApp.