Hesabu ya Bisie na Rubaya: tuichore, kila mutu aione

Wandugu vijana, mwaka wa 2024 kampuni ya Alphamin ilitoa tani 17,324 za bati kule Bisie, Walikale. Mwaka wa 2023 zilikuwa 12,568. Hii haiko siri: kampuni yenyewe inaitangaza kwa wenye hisa zake. Lakini muulize motari wa Ndosho ao mama muuzaji wa Birere kama ameisha kuiona.

Shida ya kwetu si kukosa hesabu. Ziko. ITIE inaandika yale makampuni yanalipa Leta, lakini ni PDF ndefu ya Kifaransa, na sisi tuko na telefone ndogo na mega za kuhesabu. Nani atafika ukurasa wa mwisho?

Tuchukue sheria ya madini ya 2018. Kwa kila dola 100 za ile kodi kampuni inalipa juu ya madini iliyouzisha, 50 zinaenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa sekta ao shefferi kwenye chimbo liko. Chora nguzo ine, kila moja na urefu wake. Pembeni ya ile ya 15, weka nguzo ingine: pesa ambayo sekta inakubali kwamba ilipokea. Kama hazilingani, hata mutoto wa shule ya msingi ataona, na mukubwa wa sekta hatangoja tumueleze swali. Kwa WhatsApp picha kama hiyo inapita mbio.

Rubaya ni ngumu zaidi. M23 iliikamata mwaka wa 2024. Mwezi wa 9 wa mwaka uleule, Bintou Keita, mukubwa wa MONUSCO, aliambia Baraza la Usalama kwamba koltani ya pale inaingizia waasi karibu dola 300,000 kwa mwezi. Raporti ya wataalamu wa ONU ya mwezi wa 12 ikaandika karibu 800,000. ONU ileile, miezi tatu tu! Ukiona namba moja peke yake, utaimeza. Ukiziweka pamoja kwa mchoro mumoja, utauliza kila mutu alipima nini, na alipimaje.

Mfano uko. IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, inachora machimbo ya mashariki kwa ramani tangu 2009: chimbo liko wapi, linatoa madini gani, nani mwenye bunduki yuko pale. Kazi nzuri, ila ni ya Kifaransa na Kingereza. Na tusidanganyane, ramani inaweza kuonyesha pia mwenye bunduki pa kuweka barieri. Kwa hiyo yetu ichore pesa na tani. Njia za wachimbaji na majina yao yabaki inje.

Tunaomba serikali ya jimbo na ITIE watoe hizi namba kwa faili ya Excel, kila sekta na mustari wake, kila miezi tatu. Kuchora, tutachora siye wenyewe, kwa Kiswahili. Tutaanza na ile nguzo ya 15 ya Bisie.