Tangazo la Picha Linavyomnyima Habari Mwananchi Asiyeona

Mwananchi asiyeona husomewa tovuti kwa sauti na programu iliyomo katika simu yake. Programu hiyo, ikikutana na tangazo la ajira lililopigwa picha na kubandikwa, mara nyingi hunyamaza, na siku ya mwisho ya maombi humpita. Kosa hilo ni la usanifu, na dawa yake haina gharama. Miongozo ya W3C ya mwaka 2008 inataka kila picha yenye habari iambatane na maelezo ya maandishi, na herufi za kawaida zitofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Uingereza nayo, tangu 2018, imeruhusu yeyote kuchukua bure vitufe na fomu za GOV.UK, isipokuwa nembo ya taji na mwandiko wake maalumu.