Betri Ziwekwe Huku Kwetu

Wasee, upepo wa Turkana, ile mitambo ya megawati 310, huvuma sana usiku tukiwa tumelala. Sisi tunataka stima saa moja jioni. Kwa hivyo betri ni lazima. Lakini ziwekwe wapi? Wengi watasema kando ya mitambo, Loiyangalani ama Olkaria. Nakataa. Jioni laini za kuleta stima magharibi zinalemewa. Betri iliyo upande ule itapitisha wapi? Tangi la maji unaweka nyumbani, si mtoni. Zijengwe Kitale na Bungoma, zijazwe usiku laini zikiwa na nafasi. Unaogopa moto? Sawa, zikae mbali na nyumba na shule. Chuo sikumaliza, lakini hii haihitaji digrii. Mjumbe akikuja Kibabii kuomba kura 2027, muulize: betri yetu iko wapi?