Staa Hajalala, Bibi wa Kamunyonge Ndo Mchawi?

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, ana wafuasi wa kumwaga na kope za bei kuliko kodi ya chumba Musoma. Majuzi kaingia laivu saa sita usiku analia. Anasema hii ni wiki ya tatu anakabwa. Anaamka, macho yanaona chumba chote, pazia lile, feni ile, lakini mkono haunyanyuki na sauti haitoki. Kifuani kamkalia bibi mzee kajitanda kitenge. Akamaliza kwa kufuta machozi na kusema nyumbani wanamjua ni nani, na mwenyewe anajijua.

Komenti zikafurika. Mtaje! Mchomeni! Njoo inboksi kuna babu kiboko yao!

Sasa rudi nyuma siku nne tu, ukurasa huohuo. Kapigwa picha alfajiri, kashika kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu (tangazo hilo, kalipwa), kaandika kwamba yeye analala masaa matatu tu kwa siku, na kulala sana ni kwa maskini. Maelfu wakabonyeza moyo. Hakuna hata mmoja aliyeziweka hizo posti mbili pamoja. Ugonjwa kautangaza Jumatatu, dalili kaja kuzililia Ijumaa, halafu kesi anapewa bibi.

Kwa staa hiyo ni kiki, wiki ijayo ana lingine. Shida ni kwa wanaomwamini. Kata ya Kamunyonge, Musoma mjini, kuna kijana anaendesha bodaboda usiku, na giza la mwezi likiingia anaacha pikipiki anaenda ziwani kwenye dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka sana kazi inalala. Kwa hiyo wiki hii analala mchana chini ya bati linalochemka, wiki ijayo anajaribu kulala usiku, mwili haujui tena saa ngapi ni saa ngapi. Na yeye kaanza kukabwa. Kaona laivu ya staa, kaelewa "ukweli". Jirani yake ni bibi anayeuza vitumbua. Bibi huyo macho yake mekundu, na watu wanamwona yuko macho saa tisa usiku uani. Basi, ushahidi umetimia! Watoto waliokuwa wanamwamkia "shikamoo bibi" sasa wanavuka upande wa pili wa barabara. Vitumbua vinarudi ndani na beseni zima.

Wanaochukulia hili kama umbea wa mtaani wakumbuke kilichotokea Kanda ya Ziwa hiihii. Mauaji ya vikongwe hayakuwa hadithi. Shinyanga, Mwanza na kwingine, bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia familia miaka hamsini. Na mara nyingi ilianza hivihivi: mtu kaumwa, kaota au kafiwa, mganga kampa jina.

Haya, hicho kinachokaba ni nini? Waswahili tunakiita jinamizi, na hospitali nao wanakijua vizuri. Usingizi una hatua. Kuna hatua ile ya ndoto nzito, na mtu akiifikia ubongo unazima misuli ya mwili, ili ukiota unamkimbiza mwizi usije ukampiga teke aliyelala pembeni. Kawaida ukiamka, misuli inaamka na wewe. Sasa kuna siku akili inatangulia kuamka, misuli bado imefungwa. Macho yanacheza, ndo maana unaona chumba. Mwili haujibu. Na ndoto haijaisha, inamwagikia ndani ya chumba hichohicho unachokiona. Kifua kinaelemewa kwa sababu muda huo unapumua kwa msuli mkubwa wa chini ya mapafu peke yake. Ukijaribu kuvuta pumzi kubwa kwa nguvu, misuli ya kifua haikusikii, unahisi mtu kakukalia. Ubongo umeshapiga king'ora cha hatari, unatafuta adui, na usipompata unamtengeneza. Sekunde kadhaa au dakika chache, kimeisha.

Na kinawapenda nani zaidi? Wanaolala kidogo, wanaobadilisha ratiba za kulala kila siku, wenye mawazo mengi, na wanaolala chali. Soma tena hiyo orodha ukimfikiria staa wa masaa matatu na kijana wa dagaa.

Mwaka 2011 yalitoka mapitio yaliyokusanya tafiti 35 zenye watu zaidi ya 36,000. Karibu watu 8 kati ya 100 walikuwa wameshapata jambo hili angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa 28 kati ya 100. Kwa hiyo kama ni wachawi, basi wana chuki kubwa sana na watu wanaokesha wakisoma.

Kinachochekesha zaidi kiko Kanada. Kuna kisiwa kinaitwa Newfoundland, huko nako watu tangu zamani wanakabwa usiku, na wanasema anayewakalia kifuani ni bibi kizee. Kabisa! Mtafiti wa mila anayeitwa David Hufford kaandika kitabu juu yao mwaka 1982. Wajapani nao wana jina lao la kufungwa mwili usiku. Bibi wa Kamunyonge hana pasipoti, hata Mwanza anaenda akiwa na msiba. Huko Kanada nako kaenda lini?

Zanzibar wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikaingia Unguja. Watu wakasema wanavamiwa na kubanwa vitandani, familia nzima zikawa zinalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Wapo watafiti waliosema masimulizi mengi ya waliovamiwa yanafanana kabisa na jinamizi hili la mwili kufungwa. Na fikiria, kisiwa kizima hakilali kwa kuogopa, kukosa usingizi kunaleta jinamizi, jinamizi linaleta hofu zaidi. Katika vurugu hizo mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alipigwa na umati mpaka akafa, wakidhani ndiye. Popobawa hajakamatwa mpaka leo.

Hapo kuna watakaosema, "Nyie hamjawahi kukabwa, ndo maana mnaongea." Hapana. Aliyekabwa hadanganyi. Kaona kweli, kahisi kweli, jasho lile ni la kweli, na anayemcheka ni mjinga. Kosa linaanza asubuhi, pale anapotafuta jina la jirani badala ya kuhesabu masaa aliyolala.

Turudi kwa bibi kuwa macho saa tisa usiku. Kwanza, jamani, vitumbua vya saa kumi na mbili asubuhi mnadhani vinajikaanga? Pili, mtu akizeeka usingizi unakuwa mwepesi, anaamka mapema, anaamka mara nyingi. Watafiti waliwafuatilia Wahadza wa Ziwa Eyasi, hapahapa Tanzania, matokeo yakatoka 2017. Watu wazima 33, kwa siku 20, walivaa vifaa vya kupima usingizi mkononi. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kila saa kulikuwa na mtu macho au anasinzia kimang'amung'amu, na tofauti ya umri ilikuwa sababu kubwa. Watafiti wakasema huenda ndivyo binadamu walivyolindwa usiku tangu zamani: vijana wakikoroma, kuna mzee anasikia fisi. Yaani bibi anayekaa macho uani ni mlinzi. Mtaa unamwita mchawi.

Tuwageukie wanaokula hela hapa. Mganga hawezi kukwambia nenda kalale, kwa sababu kulala ni bure. Atakuuzia hirizi, na kitu kikiisha chenyewe (maana kwa wengi huja na kupotea) sifa anachukua yeye. Kampuni ya kopo la nguvu haiwezi kukwambia kwamba kafeini unayokunywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku karibu nusu yake bado inazunguka mwilini. Na staa hawezi kukwambia kwamba mtu mzima anahitaji masaa saba kwenda juu, maana hilo halina mdhamini. Akiwa kalala kwenye gari la watu mchana, hiyo haingii laivu. Kijana wa bodaboda hana dereva. Aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anachelewa kushtuka kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na nyuma yake kuna abiria kabeba mtoto.

Wengine nao wasikae kimya kwa sababu hawakabwi. Baba anayekoroma kama jenereta, halafu anakatika pumzi, kimyaaa, kisha anashtuka akihema, huyo hajashiba usingizi wala hana raha. Njia ya hewa inaziba, anaamka na kichwa kinagonga na presha inapanda. Ampelekwe hospitali, na asipewe vidonge vya usingizi vya dukani bila daktari, vinaweza kumzidishia. Anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki, miezi mitatu, anaumwa, na kuna tiba hata isiyo ya vidonge. Anayetupa mikono na miguu usingizini, kang'ata ulimi, kajikojolea, hiyo inaweza kuwa kifafa. Anayedondoka usingizi mchana katikati ya maongezi naye aende. Hao wote mtaani wanaambiwa wamerogwa.

Kwa anayekabwa usiku wa leo: usipigane. Pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu tu, kitaachia. Unayelala naye mwambie akiona unahangaika akuguse. Lala ubavu. Kama kazi ni ya usiku, funga dirisha kwa kitu kizito, zima simu, na muda wa kulala mchana usiuhamehamishe.

Na staa aambiwe kitu ambacho meneja wake hajamwambia. Tanzania kuna Sheria ya Uchawi, ipo tangu 1928 na bado inatumika. Inamwadhibu anayejidai mchawi, na inamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi pasipo kupeleka jambo hilo kwa mamlaka. Laivu si kituo cha polisi. Ile video bado iko juu, na chini yake mashabiki wanaendelea kutaja bibi zao, na mitaa wanayokaa.

Komenti ziko wazi. Aliyewahi kukabwa aandike usiku ule alikuwa amelala masaa mangapi, na alilala chali au ubavu. Jina la jirani atakayeliandika litafutwa.