Dakika Ishirini za Wembley



Uko mkanda wa video ambao vijana wetu hupeana kwenye simu kila wanapotaka kutiana moyo. Ni onyesho la bendi ya Queen katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, mbele ya watu takriban 72,000, siku ya tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa hapa Mji Mkongwe. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi na kupewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake waliihama Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964.

Wahamasishaji wa semina wameugeuza mkanda huo kuwa somo: kuwa mwasi, usimsikilize mtu, nayo dunia itakufuata. Somo hilo nalipinga. Nawapinga vilevile wakubwa wanaotaka kijana asiutazame kabisa kwa sababu ya maisha ya mwimbaji. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa hapa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa hata ikafutwa. Kelele zile sikuona zimemfunza kijana yeyote jambo.

Tuanze na huo uasi unaosifiwa. Oktoba 1984, miezi tisa tu kabla ya Wembley, bendi hiyohiyo ilikwenda kuimba Sun City, katika Afrika Kusini ya makaburu, ikiupuuza wito wa Umoja wa Mataifa wa kuisusia nchi ile. Ilikuwa ni wakati ambapo Tanzania iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa kusini na kuibeba gharama yake. Huo nao ulikuwa uasi; walikatazwa, wakaenda. Mbona mhamasishaji hatuonyeshi na mkanda wa Sun City? Kumbe ukaidi ule ule unaweza kumfikisha mtu kwenye meza ya makaburu au kwenye uwanja wa kuwachangia wenye njaa, na wenyewe haujui tofauti.

Kinachopaswa kumwamsha kijana katika onyesho lile hakionekani kwenye mkanda. Muda waliopewa ulikuwa dakika ishirini hivi. Bendi ilikuwa na umri wa miaka 15, ina mashabiki dunia nzima, nyimbo zake wanazijua usingizini. Wangeweza kupanda jukwaani wakategemea jina. Badala yake, siku chache kabla, walijifungia katika ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakarudia orodha yao kwa kuhesabu dakika. Wimbo wao mmoja mrefu wakaukata, wakabakiza sehemu ya mwanzo. Mtu asiyetaka kuamriwa na yeyote alikubali kuamriwa na saa! Tena hakuwa peke yake: Brian May alikuwa kwenye gitaa, Roger Taylor kwenye ngoma, John Deacon kwenye besi, kila mmoja mahali pake. Hata pale anapotoa sauti na umati mzima unampokea, jambo ambalo aliyekulia penye ngoma au kwaya halimshangazi, anaongoza kwa sababu sauti imekwisha kutengenezwa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tunampa kijana hamasa, halafu hatumpi mahali pa kufanyia mazoezi. Chuo cha muziki cha DCMA kilianzishwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2002, kikafundisha udi, ganuni, fidla na taarabu kwa vijana ambao wazazi wao wasingeweza kununua hata nyuzi. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba fedha zinakiishia na huenda kikafungwa. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, pale Shangani likafunguliwa jumba la makumbusho ya Freddie Mercury. Silikatai jumba hilo. Nauliza tu ni mji gani unaoukumbuka usanii wa aliyeondoka huku ukiwaacha walio nyumbani wakihangaikia ada.

Wenye biashara mnaotundika picha yake ukutani ili mgeni anunue kahawa, mlipieni kijana mmoja wa Ng'ambo masomo ya muziki kwa mwaka. Nanyi vijana mnaonitumia mkanda ule kila mara: mazoezi ya kwaya ni Jumatano saa kumi na moja jioni, na kwa sauti ya besi tumebaki na waimbaji wawili.