Utu uzima ni dawa, lakini sharti upate mafunzo

Wahenga walisema kuwa utu uzima ni dawa. Baadhi yetu madaktari huuchukulia msemo huo kama maneno ya kuwapoza wazee. Hapa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mimi nauona kuwa kweli tupu.

Mtazame, msomaji, dereva wa lori aliyestaafu. Amekesha mpakani miaka mingi akingoja karatasi za mizigo. Anajua kwa nini wenzake hawaendi kupimwa presha: mtu akiliacha lori, mzigo huweza kuibwa. Daktari akimshauri dereva, husikilizwa kwa adabu, kisha gari hutiwa moto. Mkongwe wa barabara, ambaye mwenyewe humeza vidonge vya presha, akisema neno lile lile, shati hukunjwa na mkono hunyoshwa.

Mfikirie pia mfanyabiashara wa mifugo aliyezoea mnada wa Bissil. Akiona ng'ombe wanaharibu mimba mfululizo, hushuku ugonjwa zizini. Mfunze kwamba bruselosisi ya ng'ombe humwingia binadamu kupitia maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Huyo atakuwa wa kwanza bomani kutambua kwamba homa ya kuja na kuondoka, yenye maumivu ya viungo, huenda si malaria.

Na mkunga wa jadi je? Akina mama humwamini. Kazi yake leo iwe kumsindikiza mja mzito zahanati mapema, wala si kumzalisha nyumbani.

Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa vifaa vya kupima presha, sukari na joto la mwili. Kila mmoja alikusudiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Maoni yangu ni haya: tunapowateua watu hawa, tusiulize tu wana vyeti gani, wala ni jamaa za nani. Tuulize wamefanya kazi gani maishani, na nani huwasikiliza.

Hata hivyo, ujuzi wa zamani usio na mafunzo ni hatari. Mfugaji hodari wa kudunga ng'ombe sindano hana ruhusa ya kumdunga mwanawe dawa hiyo hiyo. Mkunga anayengoja damu ikatike yenyewe humpoteza mzazi kwa muda mfupi sana. Mjuzi wa kweli hujua mahali ujuzi wake unapokoma, akampeleka mgonjwa hospitali.

Basi wewe uliyestaafu huko Kitengela au kwingineko, uwe ulikuwa mwalimu, karani wa forodha au utingo, usikae kibarazani ukihesabu magari. Nenda zahanati iliyo karibu, uulize jinsi ya kufunzwa. Ng'ombe hazeeki maini.